Sam na Dave hawakumalizwa na ugomvi

Tangu Sam Moore afariki dunia huko Coral Gables, Florida, tarehe 10 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 89, sisi wapenzi wa soul, muziki wa Weusi wa Marekani, tulio huku Kigoma tumekuwa tukisimuliana habari zake kwa namna moja tu. Walikuwa wawili, yeye na Dave Prater. Waliimba kana kwamba wana koo moja. Kisha wakachukiana, wakaacha kusemezana, wakaisha. Nimeisikia simulizi hiyo kwenye baraza za kahawa Ujiji, nikaisikia tena kwa vijana wa Mwanga ambao Dave alizikwa hawajazaliwa, na kila inapofika mwisho mtu hutikisa kichwa na kusema: ndiyo maana watu wawili hawakai. Naipinga. Ugomvi ulikuwepo, tena mzito, na nitaueleza bila kuupunguza. Lakini kilichowamaliza Sam na Dave kama watu wanaokula kwa kuimba ni kwamba katika yote yaliyotoka makooni mwao hawakuwa na chochote cha kushika mkononi. Utunzi ulikuwa wa wengine, rekodi zilikuwa za wengine, redio hazikuwalipa, na jina lenyewe hawakuwahi kukubaliana ni la nani. Tofauti hiyo ina uzito kwetu kwa sababu mkoa huu unatoa vijana wanaoimba wawili wawili kila mwaka, na kila wanapoachana tunakimbilia kuuliza nani alimwonea mwenzake wivu.

Tuanze walikoanzia. Sam alizaliwa Miami mwaka 1935, Dave alizaliwa Ocilla, Georgia, mwaka 1937, na wote wawili walilelewa na nyimbo za kanisani. Walikutana mwaka 1961 katika ukumbi wa King of Hearts, Miami, usiku wa waimbaji chipukizi ambao Sam alikuwa akiuendesha. Dave alipanda jukwaani na nguo zake nyeupe za kazini, akaanza wimbo wa Jackie Wilson, akasahau beti. Sam akawa anamtupia maneno kutoka pembeni, mwenzake anayadaka na kuyaimba papo hapo, na ukumbi ukalipuka. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi. Mtu wa huku haoni ugeni katika jambo hilo. Ni kutoa na kupokea, mmoja anatupa na mwingine anadaka, kama kwenye kwaya, kama kwenye dhikiri, kama ziwani watu wanapovuta wavu. Ustadi wa Sam na Dave ulikuwa kulifanya hilo kwa kasi ambayo msikilizaji hapati nafasi ya kujua sauti moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi.

Miaka yao ya kwanza, wakiwa na lebo ya Roulette, haikuzaa kitu. Mambo yaligeuka pale Jerry Wexler wa kampuni ya kurekodi ya Atlantic alipowachukua. Wexler hakuwarekodi New York. Aliwaazimisha kwa Stax, lebo ndogo ya Memphis iliyofanya kazi ndani ya jumba la zamani la sinema kwenye barabara ya McLemore. Naomba msomaji alishike neno hilo, kuwaazimisha, kwa sababu nitalirudia. Pale Stax walikabidhiwa kwa watunzi wawili, Isaac Hayes na David Porter, na nyuma yao ikawekwa bendi ya Booker T. & the M.G.'s pamoja na wapiga tarumbeta na saksofoni wa nyumba ile. Mwaka 1966 ukatoka "Hold On, I'm Comin'", ukashika namba 1 kwenye chati ya muziki wa Weusi wa Marekani. Inasimuliwa kwamba jina la wimbo lilitoka chooni: Hayes alikuwa akimwita Porter arudi kazini, naye Porter akajibu kwa sauti kwamba asubiri, anakuja. Mwaka 1967 ukafuata "Soul Man". Hayes alipata wazo lake kutokana na ghasia za Detroit za Julai mwaka huo, ambako watu Weusi waliandika neno "soul" kwenye majengo yao ili yasichomwe moto. Wimbo huo ulifika namba 1 kwenye chati ileile na namba 2 kwenye chati ya pop ya taifa zima, ukawaletea tuzo ya Grammy.

Soul haikuishia kwao. Ilivuka bahari ikafika mpaka Dar es Salaam, na vijana wa huko wakaicheza kiasi kwamba Novemba 1969 uongozi wa mkoa ukaipiga marufuku mjini humo, ukiona inaharibu utamaduni wa taifa changa. Muziki ulioweza kuishughulisha serikali ya nchi iliyo mbali hivyo, ungedhani wenye sauti zake walikuwa wamekaa vizuri nyumbani kwao. Hawakuwa.

Sasa niuweke ugomvi mezani. Mwaka 1968 Dave alimpiga risasi mke wake katika mzozo wa nyumbani. Mwanamke huyo alipona. Sam alieleza baadaye kwamba alimwambia Dave ataimba naye, lakini hatasema naye tena. Sioni cha kumlaumu Sam hapo. Kuna mambo ambayo mtu akiyafanya, urafiki unakufa hata kama kazi inabaki. Lakini tazama kalenda. Walitengana mwaka 1970, wakarudiana, wakatengana tena, wakarudiana tena, na mara yao ya mwisho kusimama jukwaa moja ilikuwa usiku wa 31 Desemba 1981, San Francisco. Ni miaka 13 tangu Sam afunge mdomo. Kwa sehemu kubwa ya muda huo waliingia ukumbini kila mtu na mlango wake, wakaimba wimbo uleule wa kupokezana, wakatoka bila kuagana. Anayesema ugomvi uliwaua anieleze hiyo miaka 13 aiweke wapi. Mimi naona kinyume chake. Watu wawili wasiosalimiana hawaendelei kufunga safari pamoja kwa zaidi ya muongo mmoja isipokuwa wamelazimika, na waliolazimika ni wale ambao wakikaa nyumbani hakuna hela inayoingia. Laiti kila wimbo wao uliopigwa redioni ungewaletea chochote, Sam angekuwa na uwezo wa kumwacha Dave mwaka uleule wa 1968 na kuishi.

Hapo ndipo penye kiini. Katika sheria ya Marekani, redio za kawaida za masafa hulipa watunzi wa wimbo. Mwimbaji halipwi, wala anayemiliki rekodi. Kwa hiyo "Soul Man" ulipopigwa alfajiri na jioni kwa zaidi ya nusu karne, kilichopatikana kilikwenda upande wa Hayes na Porter pamoja na wachapishaji wao, nao walistahili, maana wimbo waliutunga. Sam hakupata chake kwa sauti yake. Ukitaka kuona jambo hilo kwa macho, tazama yaliyotokea mwaka 2024, "Hold On, I'm Comin'" ulipokuwa ukipigwa kwenye mikutano ya kampeni ya Donald Trump. Aliyekwenda mahakamani Atlanta kuuzuia ni familia ya marehemu Isaac Hayes, na Septemba mwaka huo jaji akaamuru kampeni iache kuutumia. Sam alikuwa hai. Sauti iliyosikika kwenye mikutano ile ilikuwa yake. Lakini wimbo, kama mali, ulikuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi.

Na rekodi zenyewe? Nilisema walikuwa wameazimishwa. Atlantic ilipouzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts mwaka 1967, Stax walisoma upya mkataba wao wa usambazaji, wakagundua kwamba rekodi zote zilizokuwa zimesambazwa na Atlantic zilikuwa mali ya Atlantic. Mwaka 1968 ushirika ukavunjika, na Sam na Dave wakarudishwa New York kama chombo kilichoazimwa kinavyorudishwa kwa mwenyewe. Hakuna aliyewauliza. Walipoteza watunzi wao, bendi yao, na lile jumba la sinema ambalo sauti yake ilikuwa nusu ya sauti yao. Atlantic ilikuwa na maprodyuza hodari, lakini nyimbo za baadaye hazikufika kwenye chati pale zilipofika za Stax. Wanaosema chuki ndiyo iliyodidimiza nyimbo wanauruka mwaka huu wa 1968, wakati umebeba mambo mawili kwa mpigo, risasi ya Dave na kuvunjika kwa Stax. Simulizi yetu imeshika risasi kwa sababu ni kisa cha kusimuliwa. Mkataba hausimuliki barazani.

Hapa ziwani tuna namna ya kulielewa hili. Uvuvi wa dagaa wa usiku hufanywa kwa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, taa zikiwaka juu ya maji, wavu ukishushwa katikati na kuinuliwa. Mitumbwi hiyo haiendi bila kwenda pamoja. Lakini asubuhi ikifika ufukweni Kibirizi, hakuna anayegawa samaki kwa kuangalia nani alivuta kamba kwa nguvu zaidi. Kuna tajiri wa chombo, kuna mafuta ya kulipia, kuna fungu la wavuvi, na kila mtu alijua fungu lake kabla hajapanda. Wavuvi wawili wanaweza kuwa hawasalimiani na bado kila mmoja akarudi na chake. Sam na Dave walikuwa wavuvi wa chombo cha watu, na fungu lao lilikuwa pale tu walipokuwa majini. Siku wasipoingia ziwani hawana kitu, hata kama dagaa waliowavua jana bado wanauzwa Burundi na Congo.

Ipo hoja ya pili, nayo ina nguvu kuliko ya ugomvi. Sam alitumia heroini kwa miaka mingi na alilisema mwenyewe hadharani. Mtumwa wa unga hawezi kujenga kazi, hilo sitabishana na yeyote, na sehemu ya hasara yake ya miaka ya 1970 ni ya unga. Lakini aliacha. Joyce, aliyemuoa mwaka 1982, alimsaidia kutoka, na Sam akaishi miaka zaidi ya 40 akiwa na sauti yake timamu. Mwanamuziki wa rock Bruce Springsteen alimwita kuimba kwenye albamu zake, mwaka 1992 na tena mwaka 2022. Dave alikufa kwa ajali ya gari Georgia, Aprili 1988. Basi kufikia hapo ugomvi umeondoka, unga umeondoka. Kilichobaki kikawa nini? Mwaka 1993 Sam na wasanii wenzake wakawa mahakamani wakizidai kampuni za kurekodi na mfuko wa pensheni, kwa sababu michango iliyopaswa kuwekwa kwa ajili ya uzee wao haikuwekwa inavyotakiwa. Baadaye akaenda mbele ya Bunge la Marekani kudai waimbaji walipwe na redio, na amekufa hilo halijapita. Albamu aliyoirekodi mwaka 1971 chini ya mpiga saksofoni King Curtis, ambaye aliuawa mwaka huohuo, ilikaa kabatini hadi mwaka 2002. Mwimbaji aliimba akiwa na miaka 35, wasikilizaji wakaisikia akiwa amepita 60, kwa sababu kabati halikuwa lake. Na rekodi za kabla ya 1972, yaani zote zilizomfanya awe Sam Moore, zilisubiri sheria ya Oktoba 2018 ndipo zikahesabiwa kulipwa kwenye redio za intaneti. Alikuwa anatimiza miaka 83 mwezi huo.

Jina nalo lina kisa chake. Baada ya 1981 Dave alimchukua mwimbaji mwingine aitwaye Sam Daniels, wakazunguka kwa jina la Sam & Dave. Kwa mtazamaji aliyelipa kiingilio, alikuwepo Sam na alikuwepo Dave. Mwaka 1985 wawili hao wakatoa rekodi, Sam Moore akaipinga, na ikabidi ibadilishwe jina. Wengi huona kitendo cha Dave kuwa usaliti. Mimi siwezi kwenda umbali huo. Dave naye alikuwa ameimba tangu 1961, alikuwa nusu ya jina, na hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Kama kungekuwa na ukurasa mmoja tu, uliosainiwa siku walipokuwa bado wanacheka pamoja, unaosema jina litumike vipi mmoja akiondoka, Dave angejua mpaka wake na Sam asingetumia miaka yake ya kupona kupigania herufi za jina lake mwenyewe.

Dhidi yangu husemwa mambo mawili. La kwanza nalichukulia kwa uzito: kwamba mwaka 1965 vijana wawili Weusi wa kusini mwa Marekani wangedai umiliki, wasingerekodiwa kabisa, na leo tusingekuwa na nyimbo za kujadili. Ni kweli, na ndiyo maana simlaumu Sam kwa kusaini alichosaini. Ila hoja hiyo inahusu kile walichoweza kudai kwa Atlantic. Haigusi kile walichoweza kukubaliana wao kwa wao, jina, mgawo, nani anasema kwa niaba ya nani, ambacho hakikuhitaji ruhusa ya Wexler wala ya mtu yeyote. La pili ndilo ninalolisikia sana huku kwetu, na ni dhaifu: kwamba kuandikishana na ndugu ni kuonyesha humwamini, na karatasi huleta uhasama. Lakini watu haohao wanaosema hivyo hawanunui kiwanja Gungu bila mashahidi, hawaozi binti bila mahari kutajwa mbele ya wazee, na hawampi mtu chombo aende nacho ziwani bila fungu kujulikana. Hakuna anayeona mahari iliyotajwa kuwa dalili ya chuki baina ya koo mbili. Ni muziki peke yake ndio tumeuwekea sharti kwamba ukiwa na upendo usihesabu, na sharti hilo daima humnufaisha mtu wa tatu aliyehesabu.

Naandika haya kwa sababu ya vijana wawili wa Ujiji ninaowafahamu, ambao sitawataja. Waliimba pamoja miaka minne. Walipoachana, mtaa mzima ukawa na maelezo: mwanamke, wivu, na wengine wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Nilikaa na mmoja wao jioni moja na kumuuliza maswali ya kawaida. Biti ni ya nani? Ya prodyuza, hawakuandikishana. Studio alilipa nani? Jamaa mmoja mwenye duka. Akaunti ya YouTube inafunguliwa na nani? Na huyohuyo mwenye duka, kwa barua pepe yake. Mashairi? Beti za kwanza za huyu, za pili za yule, kiitikio wanagombania. Wimbo umesajiliwa? Hapana. Hakuna aliyemroga mwenzake pale. Kila mmoja alikuwa na njaa, na mtu pekee aliyekuwa karibu kiasi cha kulaumiwa alikuwa mwenzake.

Tanzania, kwa maandishi, mwimbaji ana nafasi nzuri kuliko aliyokuwa nayo Sam. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na kwa lile neno la hakishiriki inamtambua pia anayeimba na anayerekodi. Ofisi ya Hakimiliki, Cosota, husajili kazi. Jina linaweza kusajiliwa Brela, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara au alama. Vijana wetu wa Bongo Fleva mara nyingi hutunga wenyewe, maana yake ile nusu iliyokuwa ya Hayes na Porter tayari iko mikononi mwao kabla hawajaingia studio. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti, Linex na wengine, walikusanyika kurekodi wimbo wa pamoja, na tulijivuna kwamba mkoa wa mwisho wa reli umejaa sauti. Umejaa kweli. Lakini sheria haimsaidii asiyejua ni kipande kipi ni chake, na kipande hakijulikani wawili wasipokaa chini kukitaja wakati bado wanapendana. Kundi la wawili halina watu wawili. Lina prodyuza, lina mlipaji, lina mwenye akaunti, na kila mmoja ana mwisho wa kamba mkononi hata kama hayupo kwenye picha.

Wale vijana nimewaomba wakae, na mwenye duka awepo, na prodyuza pia, tuandike ukurasa mmoja kuhusu ule wimbo wao wa kwanza tu ambao bado unapigwa kwenye harusi. Mmoja amekubali. Mwingine siku hizi anavua, na usiku wa giza hawezi kukosa ziwani. Ametuma ujumbe kwamba mbalamwezi ikiingia, wavuvi wakipumzika, atakuja.